Kemia ipi ndani ya CAM6? Ulinganisho wa CAM-chem, GEOS-Chem, WACCM na kemia ya kawaida

Modeli ya mfumo wa dunia iitwayo CESM, inayoendelezwa na kituo cha utafiti wa angahewa cha NCAR mjini Boulder nchini Marekani, haimlazimishi mtumiaji kuendesha kemia kamili ya angahewa. Sehemu yake ya angahewa, CAM6, iliyotolewa pamoja na CESM2 mwaka 2018, hukokotoa upepo, mawingu, mvua na mnururisho (nishati ya mwanga na joto inayopita angani) hata pale ambapo ozoni na gesi nyingine kadhaa zinasomwa tu kutoka katika faili zilizoandaliwa mapema. Anayehitaji zaidi ya hapo ana njia tatu mbele yake: CAM-chem yenye mkusanyiko wa mimenyuko uitwao MOZART, GEOS-Chem iliyokaribishwa ndani ya CAM kama moduli kutoka nje, na WACCM ambayo matabaka yake hupanda hadi takriban kilomita 140 juu ya uso wa dunia.

Wengi huanza kwa kulinganisha idadi ya kemikali, kana kwamba kifurushi chenye kemikali 200 ni bora mara kumi kuliko chenye 20. Kigezo hicho hupotosha. Swali linalostahili kutangulia ni hili: katika utafiti unaokusudiwa, ni kiasi kipi ambacho lazima kiwe huru kubadilika, na ni vipi vinavyoweza kufungwa kwa thamani za faili bila jibu kuharibika? Kemia kamili iliyowekewa mpaka usiofaa inaweza kushindwa kujibu swali ambalo kemia ndogo iliyofungwa mahali sahihi ingelijibu vizuri.

Kemia iliyomo tayari

Si sahihi kusema kwamba CAM6 ya kawaida haina kemia. Inabeba moduli ya erosoli, yaani chembechembe ndogo zinazoelea hewani, iitwayo MAM4, ambayo hugawa chembechembe hizo katika makundi manne ya ukubwa na kufuatilia salfati, kaboni nyeusi, kaboni hai, vumbi na chumvi ya bahari. Dioksidi ya salfa inayotoka viwandani au kwenye volkano hubadilika kuwa salfati ndani ya modeli yenyewe. Kinachokosekana ni uhuru wa vioksidishaji, yaani kemikali zinazomenyuka na gesi nyingine na kuzibadili: haidroksili, ozoni na radikali ya nitrati husomwa kutoka katika faili, na faili hizo zilitokana na WACCM6. Kwa maneno mengine, usanidi mwepesi kuliko yote unaishi kwa matokeo ya usanidi mzito kuliko yote, na mtumiaji asiyelijua hilo hudhani anaona ozoni ya modeli yake.

Chukua mfano wa moshi wa savana. Kati ya Juni na Septemba, moto huunguza maeneo makubwa ya Angola, Zambia, kusini mwa Kongo na sehemu za Tanzania. Zaidi ya nusu ya eneo linaloungua duniani kila mwaka limo barani Afrika. Katika CAM6 ya kawaida, kaboni nyeusi kutoka katika moto huo hufyonza mwanga wa jua, hupasha joto tabaka la hewa lilipo, na hugusa mawingu yaliyo chini yake. Mtafiti anayeuliza jinsi moshi unavyobadilisha mnururisho au mvua ana kila anachokihitaji, tena kwa gharama ndogo. Lakini monoksidi ya kaboni na oksidi za nitrojeni za moto uleule haziongezi ozoni hata kidogo, wala haidroksili haipungui kwa kuliwa na monoksidi hiyo. Jambo la hatari ni kwamba faili za matokeo bado zitakuwa na kigezo cha ozoni, ramani itachorwa na itapendeza, ilhali ile ni ozoni ya wastani iliyokokotolewa kwingine, isiyojua kwamba mwaka huo moto uliongezeka au ulipungua.

Kasoro ya pili inahusu misitu. Katika usanidi huu, gesi inayogeuka kuwa erosoli hai huingizwa angani kwa uwiano uliowekwa, bila mmenyuko wa isoprini, gesi inayotolewa na mimea, kukokotolewa hatua kwa hatua. Juu ya msitu wa Kongo, ambako isoprini hutoka kwa wingi, hilo ni rahisisho kubwa.

CAM-chem: kemia ya nyumbani

CAM-chem imekua pamoja na CAM, na kemia yake inatoka katika ukoo wa MOZART. Namna ilivyounganishwa inaeleza mengi kuhusu faida na hasara zake. Mimenyuko yote imeandikwa katika faili moja ya maandishi, chem_mech.in, ambamo kila mmenyuko una mstari wake pamoja na kasi yake. Kabla ya modeli kukompailiwa, yaani msimbo wake kugeuzwa kuwa programu inayoendeshwa na kompyuta, programu ndogo husoma faili hiyo na kuandika msimbo wa lugha ya Fortran wa mimenyuko hiyo tu. Mtumiaji huchagua kwa kutaja jina: trop_mam4 ni ile kemia nyepesi ya kawaida, na trop_strat_mam4_vbs ni kemia ya troposfia (tabaka la angahewa lililo karibu na ardhi) na stratosfia (tabaka lililo juu yake) pamoja na utaratibu bora zaidi wa erosoli hai. Anayetaka kuongeza mmenyuko wake huandika faili yake mwenyewe na kuielekeza modeli huko.

Njia hii huleta kasi, kwa sababu kompaila inajua tangu mwanzo ni kemikali zipi zimo na zipi hazimo. Gharama yake ni kwamba kubadili kemia ni kuijenga modeli upya. Anayetaka kulinganisha kemia mbili atakuwa na programu mbili tofauti, na hawezi kuzima moja katikati ya safari, yaani modeli ikiwa inaendeshwa. Kwa maoni yangu hilo ni jambo dogo kwa mtafiti mmoja, lakini ni mzigo kwa kikundi chenye wanafunzi kadhaa, kila mmoja akiwa na faili yake ya mimenyuko isiyofanana na ya mwenzake.

Kuna mpaka mmoja wa CAM-chem ambao haujadiliwi vya kutosha, nao ni methani. Katika usanidi wa kawaida, kiasi cha methani karibu na ardhi huwekwa kwa thamani za faili. Modeli hukokotoa jinsi haidroksili inavyoila methani huko juu, lakini kila mara kiasi cha chini hurudishwa palepale. Kwa hiyo mtu anayepunguza utoaji wa oksidi za nitrojeni au wa methani yenyewe, akitarajia kuona mkusanyiko wa methani ukiitikia kwa muda wa miaka kumi hivi ambayo gesi hiyo hudumu angani, hataona kitu. Ana zaidi ya kemikali 200, na ile anayoitafuta ndiyo iliyofungwa. Lazima aifungue kwa kuingiza utoaji wa methani badala ya kiasi kilichowekwa, kisha aisubiri modeli itulie kwa miaka mingi, au akokotoe mwitikio huo nje ya modeli.

Gharama ya uhifadhi nayo ifikiriwe mapema. Gridi ya takriban digrii moja ina visanduku 192 kwa 288, na CAM6 ina matabaka 32, yaani visanduku 1,769,472 kwa kila kemikali. Kwa namba za baiti nane, kemikali moja huchukua takriban megabaiti 14 kwa picha moja ya wakati mmoja. Kemikali 200 huchukua karibu gigabaiti 2.8. Anayeamuru modeli iandike kemikali zote kila baada ya saa tatu hujaza diski kabla ya msimu mmoja kwisha. Gharama ya kukokotoa pia hupanda mara kadhaa, si kwa sababu ya mimenyuko peke yake, bali kwa sababu kila kemikali inayosafirishwa lazima ibebwe na upepo katika kila hatua ya muda.

GEOS-Chem: mgeni mwenye desturi zake

GEOS-Chem ilianza kama modeli ya kemia inayojitegemea, ikisukumwa na upepo uliokwisha kukokotolewa na NASA, na makao yake makuu yako Chuo Kikuu cha Harvard. Haikuzaliwa ndani ya modeli ya tabianchi. Mwaka 2022 yalichapishwa maelezo na tathmini ya toleo lake la 13.1.2 likiwa limeingizwa ndani ya CESM 2.1, na tangu hapo mtumiaji wa CAM anaweza kuichagua mahali pa MOZART huku upepo, mawingu na mnururisho vikibaki vilevile.

Faida kubwa ya mpango huu ni kwamba msimbo wa kemia ni uleule unaotumiwa na jumuiya nzima ya GEOS-Chem. Wanapoongeza mimenyuko mipya, CESM hupata toleo jipya bila mtu kuiandika upya ndani ya CAM. Kwa mfano, kemia ya kawaida ya GEOS-Chem inashughulikia bromini, klorini na iodini katika troposfia, jambo ambalo kemia ya kawaida ya MOZART katika CAM-chem hailifanyi kwa upana huo. Ozoni inapotua juu ya maji ya bahari huchochea iodini kutoka, na iodini hiyo nayo hurudi kula ozoni. Anayechunguza ozoni juu ya Bahari ya Hindi ya tropiki ana sababu ya kweli ya kuipendelea GEOS-Chem.

Hata hivyo, mgeni huja na desturi zake, na kazi yote ya kumuunganisha imo katika kuzitafsiri. Katika CAM, tabaka la kwanza ni la juu kabisa na hesabu hushuka kuelekea ardhini. Katika GEOS-Chem tabaka la kwanza ndilo la ardhini. CAM kwa kawaida hupima kemikali kwa kila kilo ya hewa yenye mvuke, na GEOS-Chem kwa kila kilo ya hewa kavu. Karibu na usawa wa bahari katika pwani yenye joto, ambako kilo moja ya hewa inaweza kuwa na gramu 20 za mvuke, kusahau ubadilishaji huo huleta kosa la takriban asilimia mbili. Si kosa la kuonekana kwa macho kwenye ramani, ila litapanda na kushuka pamoja na unyevunyevu, na mtu anaweza kuliandikia makala akidhani ni kemia ya masika. Erosoli pia hazilingani: GEOS-Chem huhesabu uzito wa kila aina ya chembechembe, wakati mawingu na mnururisho wa CAM6 vinataka pia idadi na ukubwa ambavyo MAM4 huvitoa. Kwa hiyo MAM4 inabaki kazini, na katika kila hatua uzito hugawanywa na kukusanywa kati ya mifumo miwili.

Tofauti nyingine imo katika kutatua milinganyo. Kwa kemikali za haraka, CAM-chem hutumia njia iliyo imara yenye hatua ndefu, ambayo hukokotoa kwa gharama inayotabirika. GEOS-Chem hutumia msimbo unaotengenezwa na programu iitwayo KPP, wenye njia ya hesabu ya Rosenbrock inayojichagulia hatua ndogondogo kulingana na ugumu wa mimenyuko. Pale ambapo jua linachomoza au linazama, mwanga hubadilika haraka na njia hiyo hulazimika kupiga hatua nyingi zaidi kuliko usiku wa manane. Vichakataji vilivyopewa nguzo za hewa zilizo kwenye mstari wa alfajiri huchelewa, na vingine vyote huvisubiri. CAM hupunguza tatizo hili kwa kuchanganya nguzo za mchana na za usiku katika fungu moja, lakini haliondoki kabisa. Kwa usahihi wa namba, njia ya GEOS-Chem naiamini zaidi. Kwa kuendesha karne nzima ya tabianchi kwa bajeti ya kawaida, ningeanza na CAM-chem.

Mahali ambapo vifurushi hugongana: utoaji na kutua

Uunganishaji wa kemia ya hiari huharibika zaidi kwenye kingo kuliko kwenye mimenyuko. GEOS-Chem huja na HEMCO, chombo kinachosoma orodha za utoaji, kuzibadilisha kwa gridi yoyote na kuzijumlisha kulingana na daraja la kipaumbele, ili orodha ya kanda ifunike orodha ya dunia mahali inapopatikana. Ni chombo kizuri kiasi kwamba kimeunganishwa na CESM kwa namna inayoiruhusu hata CAM-chem kukitumia. Lakini HEMCO ina pia mikono yake ya kukokotoa: isoprini kutoka mimea, chumvi ya bahari, vumbi, oksidi za nitrojeni za radi. CESM nayo ina yake. Isoprini hukokotolewa kwa utaratibu wa MEGAN ndani ya modeli ya ardhi, CLM, ambayo inajua majani, joto na ukame wa wakati huo. Vumbi na chumvi vimeunganishwa na MAM4.

Wote wawili wakiachwa wafanye kazi, isoprini huingia mara mbili. Wote wawili wakizimwa kwa bahati mbaya, msitu wa Kongo unakaa kimya kama jangwa na ozoni hubadilika bila modeli kutoa onyo lolote. Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba kila chanzo kinachotegemea hali ya hewa kiachiwe sehemu ya CESM inayoijua hali hiyo, na HEMCO ibaki na orodha za viwanda, magari, meli na moto.

Radi ni mfano mzuri wa kwa nini. CAM hukadiria miale ya radi kwa urefu wa kilele cha wingu la mvua kubwa, kisha huibadili kuwa oksidi za nitrojeni kwa kizidishi kinachorekebishwa. Bonde la Kongo ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi kuliko yote duniani. Katika vipimo vya setilaiti vya radi, Kabare, mashariki mwa Kongo, huja nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Mawingu ya CAM yakibadilika kati ya toleo na toleo, radi hubadilika nayo, na kizidishi kilichorekebishwa kwa toleo la zamani hakifai tena. Kabla ya kulaumu kemia yoyote kwa ozoni ya juu ya Afrika, jumla ya nitrojeni ya radi kwa mwaka ichapishwe na ilinganishwe kati ya safari zote mbili.

Kutua kwa gesi juu ya mimea nako kuna mmiliki wake: juu ya nchi kavu kasi ya kutua hutoka CLM, na juu ya bahari na barafu hukokotolewa upande wa angahewa. Hapa vifurushi viwili havitofautiani sana.

WACCM, na njia zilizo nje ya CESM

WACCM6 haihitaji mjadala mrefu. Ina matabaka 70, hutengeneza yenyewe mzunguko wa upepo wa stratosfia ya ikweta unaogeuka kila baada ya miaka miwili hivi, na huruhusu dioksidi ya salfa ya mlipuko wa volkano kuwa salfati na kusambaa stratosfia bila kusomewa faili. Anayechunguza tundu la ozoni tangu Mkataba wa Montreal wa 1987, mlipuko wa volkano ya Pinatubo wa 1991, au pendekezo la kupoza dunia kwa salfa, hana sababu ya kutafuta kwingine. Anayechunguza moshi wa Lusaka au Nairobi anaiharibia kompyuta muda.

Kuna pia msomaji ambaye hana kompyuta kuu kabisa. Kwake, swali la CAM-chem dhidi ya GEOS-Chem ni la nadharia, na RegCM ya kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, inastahili kuwekwa mezani. Kituo hicho kina taasisi shirikishi Kigali, na modeli yake ya kanda hutumika sana katika vyuo vya Afrika. Kemia yake huwashwa kwa faili ya mipangilio: kigezo cha chemsimtype huchagua vumbi peke yake, chumvi, kaboni, au kemia ya gesi iitwayo CBM-Z. Mtu anaweza kuanza na vumbi tu na kuongeza kadiri uwezo unavyoruhusu. Udhaifu wake ni mpaka wa eneo: hewa inayoingia kutoka nje ya ramani lazima iletewe kemikali zake na modeli ya dunia nzima, kwa hiyo ozoni ya ukingoni ni ya modeli hiyo, si ya RegCM. Kwa vumbi la Sahara au moshi unaozaliwa ndani ya eneo lenyewe, udhaifu huo haudhuru sana. Kwa ozoni inayosafiri kutoka mbali, unadhuru.

Herufi moja kwenye mnururisho

Uamuzi wa mwisho, ambao haumo katika jina la kifurushi chochote, ni kama kemia itaruhusiwa kuigusa tabianchi. Katika CAM uamuzi huo unafanywa kwenye orodha ya rad_climate. Ikiandikwa 'N:ozone:O3', mnururisho husoma ozoni ya faili. Ikiandikwa 'A:O3:O3', husoma ozoni ambayo kemia imeikokotoa. Kigezo cha idirect cha RegCM hufanya kazi ya namna hiyo kwa erosoli: 1 ni kuangalia tu, 2 ni kuathiri.

Tofauti hiyo ndiyo kipimo bora cha uunganishaji wenyewe. Kifurushi kipya kiwashwe, lakini mnururisho uendelee kusoma faili na erosoli ziendelee kutumia vioksidishaji vya faili. Joto, upepo na mvua vinapaswa kutoka sawasawa na vile vya modeli isiyo na kifurushi, hadi tarakimu ya mwisho kabisa. Tofauti yoyote, hata ikiwa ndogo, inaonyesha kwamba kifurushi kinaandika mahali ambapo hakikualikwa.

Baada ya hapo, anayelinganisha CAM-chem na GEOS-Chem aelekeze upepo na joto la safari zote mbili kwa data za MERRA-2, rekodi ya NASA ya hali ya hewa iliyopita, ili hali ya hewa iwe moja na tofauti zitokane na kemia, kisha azipe faili zilezile za utoaji. Ozoni ya troposfia hudumu wiki chache tu, kwa hiyo mwaka mmoja wa kutulia unatosha kwa maswali ya karibu na ardhi. Stratosfia ni suala jingine, kwani hewa huchukua miaka kadhaa kupanda kutoka tropiki na kushuka kwenye ncha za dunia. Isipoanzishwa na faili ya mwanzo iliyotulia tayari, tofauti ya vifurushi viwili itachanganyika na tofauti ya hali zilizoanzia, na miaka ya kwanza ya matokeo haitafaa kulinganishwa.